Kiu Maana Yake Nani

Tulikuwa kwenye kivuko cha Msangamkuu, Jumapili, jua la saa saba mchana, mimi na mtoto wa mjomba. Karibu yetu alisimama bwana mmoja aliyembana jogoo kwapani. Mtoto wa mjomba hapendi kupitwa na sura asiyoijua katika mji huu, kwa hiyo akaninong'oneza kwa lugha yetu ya siri: "Kiu estas tiu viro?" Yaani, yule mwanamume ni nani?

Nyuma yetu kulikuwa na mzee amekalia ndoo. Akamtazama mtoto wa mjomba, akaingiza mkono kwenye kapu lake, akatoa chupa ya maji.

"Kunywa, kijana. Usione haya. Jua la leo kali."

Mtoto wa mjomba akanywa. Angefanyaje? Huwezi kumwambia mzee aliyekupa maji yake ya njiani kwamba wewe huna kiu, kiu ulikuwa unamuulizia mtu mwenye jogoo. Akanywa nusu chupa, akashukuru, akanyamaza mpaka tunashuka ng'ambo.

Lugha yenyewe ni Kiesperanto, na nilivyokutana nayo ni kosa la mashine.

Nina kiduka cha steshenari mjini Mtwara. Natoa kopi, naprinti, nalamineti vitambulisho, nachapa barua za maombi ya kazi. Msimu wa korosho ndio wa kushiba: minada ikianza Oktoba, watu wa vyama vya msingi wanamiminika na makaratasi yao ya stakabadhi ghalani mpaka mashine inapata homa. Siku moja mwishoni mwa 2024, katikati ya purukushani hiyo, aliingia mwalimu mstaafu na kijitabu cha kurasa nane, akataka nakala ishirini. Alisema alikuwa Arusha Agosti ile, kwenye kongamano la dunia la wasemaji wa Kiesperanto. Ni la 109 kuhesabiwa, la kwanza lilifanyika Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, mwaka 1905, na hili la Arusha ndilo la kwanza kukanyaga ardhi ya Afrika. Mimi nilikuwa naitikia "ehee" huku navuta karatasi iliyokwama. Seti moja ikatoka imepinda na kujaa ukungu wa tona. Nikaiweka pembeni, nikatoa nyingine, mwalimu akalipa akaenda.

Karatasi mbovu huwa sizitupi. Upande wa nyuma napigia hesabu. Jioni nikageuza moja, nikakuta mstari huu: *La patro estas sana.*

Nikausoma kwa sauti. Herufi zote nazijua, silabi zote zinatamkika, mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Patro nikahisi ni baba. Lakini sana nini? Mrefu sana? Mkali sana? Nikatafuta neno linalofuata, nikakuta nukta. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: *sana = mwenye afya*.

Nadhani kama sentensi ile ya kwanza ingekuwa na maneno mageni matupu, ningepigia hesabu yangu ya mkaa na umeme juu yake, basi. Lakini neno la kwetu likiwa limevaa nguo za watu wengine, huwezi kulipita. Ni kama kumkuta jirani yako stendi ya Masasi akijitambulisha kwa jina lingine.

Na wako wengi majirani wa namna hiyo. *La* haikatai kitu, inatangulia tu jambo linalojulikana, kwa hiyo mwezi wa kwanza kila sentensi ilinisikikia kama mtu anayepinga: la, baba! la, nyumba! *Ili* ni wao. *Mia* ni yangu, *nia* ni yetu, na *lia* ni yake yeye mwanamume, hivyo *mia domo* si nyumba mia, ni nyumba yangu moja hii yenye bati linalovuja. Mia yenyewe, ile ya kuhesabu, ni *cent*, inayotamkwa "tsent". Mtoto wa mjomba mpaka leo anasema "senti". Sasa *senti* kwa Kiesperanto ni kuhisi, na kwetu senti ni sehemu ya mia ya shilingi, kwa hiyo neno moja limegeuka mara tatu na hakuna mahali lilipofika kwenye mia. Wa pili ni *dua*. Wa nane ni *oka*. Wa kumi ni *deka*, na aliyelelewa na bibi hahitaji kuelezwa kudeka.

Baada ya hapo nilitafuta masomo kwenye simu, nikawa nasoma usiku duka likifungwa.

Aliyeibuni ni Ludwik Zamenhof, Myahudi aliyezaliwa 1859 huko Białystok, mji ambao leo uko Poland na wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Mji ule ulikuwa na Wayahudi, Wapoland, Warusi na Wajerumani, kila kundi na lugha yake, na kila kundi likimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Zamenhof akakua na wazo kwamba wangekuwa na lugha moja isiyo ya yeyote, wangepunguza kuchukiana. Akasomea udaktari, akawa daktari wa macho, na tarehe 26 Julai 1887, akiwa na miaka 27, akatoa kijitabu chake Warszawa. Hakuweka jina lake. Aliandika Doktoro Esperanto, daktari anayetumaini, na watu wakaipa lugha jina la mtungaji. Kanuni zake za sarufi zilikuwa 16, mizizi ya maneno kama 900, na humo humo akatangaza kwamba lugha ile si mali yake, ni ya yeyote atakayeitumia. Alifariki 1917. Watoto wake watatu, wote waliuawa na Wanazi.

Wazo lake la lugha moja mjini halikunishangaza. Mtu wa Mtwara litamshangazaje? Hapa soko moja lina Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, na wote wanapunguziana bei kwa Kiswahili. Wala hilo neno "ya kubuni" halinitishi. Kiswahili cha vitabu nilivyosomea kilikalishwa mezani: kamati ya mwaka 1930 ilikuwa na kazi ya kukisanifu kwa msingi wa Kiunguja, ikaamua lipi liandikwe na lipi liachwe. BAKITA, iliyoanzishwa 1967, bado inatutungia maneno na sisi tunachagua ya kuyatumia na ya kuyacheka. Hakuna lugha ya shule ambayo haijapita mikononi mwa fundi. Ya Zamenhof imepita kwa fundi mmoja tu.

Sasa sarufi. Nitasema ukweli, wiki mbili za mwanzo nilijiona msomi. Sisi tuna *na*, *li*, *ta*. Wao wana *as*, *is*, *os*, tofauti ni kwamba wanaziweka mkiani. *Mi lernas*, ninajifunza. *Mi lernis*, nilijifunza. *Mi lernos*, nitajifunza. Hata *-nge-* yetu wanayo, ni *us*: *mi lernus*, ningejifunza. Swali la ndiyo au hapana linaanza na *ĉu*, kama tunavyoanza na "je". Nilikuwa nawasikia watu mtandaoni, Wazungu wengi wao, wakisifu jinsi mzizi unavyobandikwa vipande mbele na nyuma ukazaa maneno mapya, wanaona ni maajabu. Mimi nasoma nasema, hii si ndiyo piga, pigwa, pigana, pigisha? Kipande *-ig-* ni "-sha" yetu. Wana *dometo*, *domo*, *domego*. Sisi tuna kijumba, nyumba, jumba. Na vivumishi vinafuata nomino kwenye wingi, jambo linalomtesa Mwingereza lakini si mtu aliyezaliwa na kitabu kizuri na vitabu vizuri. Tena wao hawana ngeli. Mti, mtu, jini, kisu, wote wanaishia na *-o* na maisha yanaendelea.

Kilichonikwaza kikawa kidogo kuliko vyote. Herufi moja: *n*.

Nilikuwa nimepata mwenzangu wa kuandikiana, mama mmoja mstaafu wa Brazili. Aliniuliza huku kwetu tunakula nini. Nikamwandikia kwa kujiamini: *Fiŝo mi manĝas ĉiutage.* Kichwani mwangu ni Kiswahili safi kabisa: samaki, nakula kila siku. Ndivyo tunavyosema, unamtaja samaki kwanza, halafu unasema unamfanya nini. Siku ya pili akajibu kwa mstari mmoja: *Kiu manĝas kiun?*

Nani anamla nani?

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Kisha nikachukua karatasi mbovu nikaandika sentensi mbili za kwetu. "Samaki amemla." "Samaki nimemla." Samaki wote wawili wamesimama mahali pamoja, hawajabadilika hata herufi. Anayekula na anayeliwa nimewajua kwa kutazama ndani ya kitenzi, kwenye tumbo lake: *a-me-m-la*, *ni-me-m-la*. Miaka yote nimesema hivyo bila kujua nasema hivyo. Kiesperanto kitenzi chake ni bubu. *Manĝas* ni *manĝas*, awe mimi, wewe, wale, au papa wa Msimbati. Ukitaka kujua nani kaliwa, nenda ukamtazame yeye mwenyewe aliyeliwa, ana *n* mkiani. *Fiŝon mi manĝas*: nakula samaki. Ukiisahau *n*, uko mezani na hujui ni kiti chako au sahani yako.

Toka siku ile naiona *-m-* ya Kiswahili kila mahali. Mteja akisema "nimemuona" nami nahesabu moyoni. Ni ugonjwa.

Kosa langu la pili lilitokana na mazoea hayo hayo. Nilikuwa naandika *Lernas Esperanton*, najiona nimesema "najifunza Kiesperanto". Mama wa Brazili akauliza, nani anajifunza? Kwetu mtenda amejificha ndani ya kitenzi, huhitaji kumtaja. Kule usipomtaja hayupo. Basi sentensi zangu zikawa *mi, mi, mi*, najisikia kama mgombea udiwani.

Kutamka ni hadithi fupi. *Ĥ* yao tunayo kwenye kheri, *ŝ* ni sh, *ĝ* ni j yetu na *j* yao ni y, unazoea. Shida ni konsonanti zinazobebana. *Knabo*, mvulana, mtoto wa mjomba anasema "kinabo" na nimeacha kubishana. *Scii*, kujua, inatakiwa s na ts zigongane mlangoni. Yeye anasema "sitsii".

Huyu mtoto wa mjomba niseme nilimpataje. Ni dereva wa bodaboda, anaegesha mbele ya duka langu, na alichoka kunisikia nikiongea peke yangu. Sarufi unaweza kuisoma na karatasi. Mazungumzo huwezi. Nilikuwa najiuliza na kujijibu: *Kiel vi fartas?* U hali gani? *Bone, dankon.* Nzuri, asante. Siku moja akachungulia dirishani akasema, "Kaka, kama ni malaria sema nikupeleke hospitali ya Ligula." Nikamfundisha kuanzia hapo hapo. Alikubali kwa sababu moja tu, akijua wenzake kijiweni hawataelewa tunawasema nini.

Neno lake la kwanza kulipenda likawa hospitali. *Malsanulejo.* Nililifungua mbele yake kama mama anavyofungua furushi. *Mal*, kinyume. *San*, afya. *Ul*, mtu. *Ej*, mahali. *O*, hiki ni kitu. Mahali pa watu ambao afya yao imekuwa kinyume. Akarudia mara tatu. Mchana ule akampakia mgonjwa kwenda Ligula, na kurudi akaniambia hakuona hospitali njia nzima, aliona *mal*, *san*, *ul*, *ej*, *o*.

Tulidhani ni siri kamili. Mpaka akaja dukani mama mmoja mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya Ruvuma, anataka kopi ya hati ya kusafiria. Sisi tunaendelea, *libro* hivi, *mano* vile, mara *pano*. Mama ametulia, anasikiliza. Mwisho akasema kwa upole kabisa, "Wanangu, Kireno chenu kimeoza." Kitabu, mkono, mkate, yote kayajua. Tukajieleza, akatikisa kichwa kama mtu anayesikia kwamba mbuzi wako ni ng'ombe aliyekatwa pembe. Sikumlaumu. Zamenhof alitaka lugha isiyo ya yeyote, lakini mizizi aliichuma Ulaya, kwa Walatini, Wajerumani na Waslavi, na mpaka leo mzizi wa Kibantu sijakutana nao. Kwa mtu wa Lisbon ni lugha ya jirani. Kwangu, mifupa ndiyo imenikaa kama ya nyumbani, nyama ni ya mbali. Nalisema hili bila hasira. Sisi nasi meza na bendera tulizipata kwa Wareno na hatujazirudisha.

Kisha nikaenda kwa Bibi.

Bibi yangu anakaa Mikindani. Tulifika jioni na bodaboda, tumebeba sukari na majani ya chai. Yuko barazani anasuka ukili.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mume wangu. Na huyu mwenzio? Marahaba. Nasikia mmeokota lugha."

Habari zilishafika. Nikamwambia ndiyo, na ni rahisi, Bibi, ukijua neno moja unapata kumi. Akasema nimpe mfano, mwanamke mtu mzima kama yeye anaitwaje kwenye lugha hiyo. Hapo ndipo ningepaswa kusema sijafika somo hilo.

"*Maljunulino*, Bibi."

"Ndiyo nini?"

Mtoto wa mjomba, fundi wa kufungua furushi, akaingilia. "*Mal* ni kinyume, Bibi. *Jun* ni ujana. *Ul* mtu. *In* wa kike."

Vidole vyake vikasimama kwenye ukili. "Kinyume cha kijana."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa hiyo mimi ni kijana aliyepinduliwa." Akatutazama mmoja mmoja. "Sisi tunasema mzee, mtu anainuka kwenye kiti ukae. Huyo wenu aliyepinduliwa, nani atamwinukia?"

Nikajitetea. Nikasema ni ufupi tu, badala ya kukariri maneno mawili unakariri moja na *mal*. Baya ni kinyume cha jema, baridi ni kinyume cha joto, dogo ni kinyume cha kubwa. Akasema baridi haina masikio. Halafu akauliza swali lililonimaliza.

"Na shikamoo mnasemaje?"

Nikamwambia wanasema *saluton*. Kwa nani? Kwa wote. Mtoto anamwambia mtu mzima *saluton*, na mtu mzima anajibu *saluton*. Akauliza na "wewe" je? *Vi.* Mkuu wa mkoa? *Vi.* Mimi bibi yako? *Vi*, Bibi. Mmoja au wengi, *vi*.

"Na mbuzi?"

"Mbuzi ukimsemesha, *vi*."

Bibi akacheka mpaka ukili ukamponyoka. Jirani akatoka kuuliza kuna nini, naye akaelezwa habari za mbuzi, na naamini Mikindani yote ililala nayo.

Najua utetezi wake. Kwa aliyeitunga katika mji wa watu wanaodharauliana, neno moja la "wewe" kwa tajiri na kwa Myahudi wa mtaani huenda lilikuwa dawa yenyewe. Naliheshimu. Lakini nikiwa barazani kwa Bibi niliona kinywa changu hakina pa kuanzia. Mimi siwezi kuanza mazungumzo na mtu mzima bila kwanza kushuka. Si unafiki, ni ngazi, ndiyo unayopandia kwenda kwenye maneno mengine. Ndiyo maana mazungumzo yangu ya Kiesperanto yalikuwa yanakufa kila mara pale pale, baada ya *bone, dankon*. Sarufi ninayo, maneno ninayo, halafu kimya. Nilikuwa nadhani ni uchache wa msamiati.

Usiku tunarudi mjini, mtoto wa mjomba akageuza kichwa akapiga kelele juu ya upepo: "Si watu wanasema ni nashika miguu yako? Tutafsiri!"

Nikatafsiri hapo hapo mgongoni mwake. *Mi tenas viajn piedojn.* Miguu ni mingi, inashikwa, kwa hiyo *j* na *n* kwenye "yako", *j* na *n* kwenye "miguu". Sikuikosea hata herufi, mara ya kwanza katika maisha yangu. Lakini kwa salamu ni ndefu, mzee atakuwa ameshapita. Akasema basi tuikate. Tukaikata mpaka ikabaki *ŝikamo*. Nikamkumbusha kwamba salamu zao nyingi zina *n*: *saluton*, *dankon*, *bonan tagon*, kwa sababu ni kitu unachompa mtu, nakupa salamu, nakutakia siku njema. Kinachotolewa kinabeba *n*. Basi *ŝikamon*. Na kujibu?

"*Marahabon!*" akasema, na bodaboda ikayumba kidogo.

Ukikosoa, najua hairuhusiwi na kanuni yoyote kati ya zile 16. Sidhani pia kuna inayoikataza.

Mama wa Brazili nilimpelekea. Nilimweleza pia kwamba huku hatuishii kwenye hali yako tu, nikamwandikia barua yenye salamu kwanza kama inavyotakiwa: *Kaj la hejmo? Kaj la infanoj? Kaj la laboro? Kaj la pluvo?* Na nyumbani? Na watoto? Na kazi? Na mvua? Akajibu yote kwa pamoja, *bone*, halafu akauliza ninahitaji nini. Siku mbili niliumia, nikajua nimemchosha. Wiki iliyofuata akaja na barua ndefu. Alikuwa ameanza na mvua. Kwao ilikosekana muda mrefu, bustani imekauka, na mwanawe amehamia mji mwingine kikazi, mambo ambayo kwa miezi yote ile hatukuwahi kuyagusa tukijadili mahali pa kuweka *n*. Mwisho akaweka *ŝikamon* yangu, ijapokuwa yeye ndiye mkubwa. Nikamrekebisha kwa adabu. Mkubwa haamkii, anajibu. Sasa kila barua yangu inaanza na moja na yake inaanza na nyingine, na sijui Zamenhof angesemaje.

Julai hii, wakati mashambani watu wanapulizia salfa mikorosho, mwalimu mstaafu alirudi. Anataka nakala ishirini za ukurasa mmoja, kuna vijana anaowafundisha na tarehe 26 inakaribia, siku ya kile kijitabu cha 1887. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo miezi mingi. Nilikuwa na hotuba: nilivyoanza, karatasi mbovu, *La patro estas sana*, yote kwa Kiesperanto, nimeipima hadi dakika tatu.

"Shikamoo, mwalimu," mdomo ukasema peke yake.

"Marahaba. Hujambo?"

Na baada ya hapo hotuba ikapotea yote, kama umeme wa kwetu, bila kuaga. Nikabaki na "*Saluton*." Mwalimu akanitazama, akatazama karatasi ukutani nilikoandika viambishi kwa kalamu nyekundu, akaelewa. Hakushangilia wala nini. Akanisogezea ukurasa wake kwenye mashine, akauliza taratibu, kila silabi peke yake, kama anavyouliza darasani:

"*Kiom kostas unu paĝo?*"

Ukurasa mmoja bei gani. Hili nalijua. Bei nazitaja siku nzima.

"*Cent ŝilingoj.*"

"Senti!" mtoto wa mjomba akadakia kutoka kwenye benchi la nje.

"*Ŝilingojn*," mwalimu akasema, akiikazia ile *n* ya mwisho. Akaweka noti ya elfu mbili juu ya mfuniko, nami nikabonyeza ishirini. Mashine ikaanza kunguruma. "Na zitakazotoka mbovu," akaongeza kwa Kiswahili, "mpe yule dogo anayesema senti."